Usimamizi wa michezo katika shule ya biashara: Ohio, Amherst, Oregon, Liverpool au ubaki nyumbani?

Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lilitia saini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Miaka miwili kabla ya hapo, ng'ambo ya Namanga, leseni ya SportPesa, kampuni ya kubashiri matokeo ya michezo, haikuhuishwa. Kampuni ikafuta udhamini wake nchini Kenya, na Gor Mahia na AFC Leopards wakajikuta hawana mdhamini wa jezi. Mikataba ya aina hii inataka mtu wa kuisoma kifungu kwa kifungu: fedha zinaingia lini, kodi analipa nani, na mdhamini akiondoka ghafla klabu inalindwa na nini. Watu wa kazi hiyo kwetu bado ni wachache, na vijana wanaotaka kuifanya wanauliza swali moja: nikasome wapi?

Shahada za usimamizi wa michezo zina makazi mawili. Nyingine ziko kwenye vitivo vya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, nyingine ziko ndani ya shule za biashara. Zote zina heshima yake. Hapa nazungumza na yule aliyekwisha kuamua kupita mlango wa biashara, ila amekwama kati ya majina. Nimechukua njia tano: vyuo vitatu vya Marekani vyenye historia ndefu katika fani hii, kimoja cha Uingereza, na njia ya kusoma hapa hapa Afrika Mashariki.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Nafasi ya chuo kwenye orodha za ubora inasaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kujua wahitimu wake wamekalia meza zipi, na ni kazi gani ya michezo inayofanyika karibu na darasa lako.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni masomo. Fungua orodha ya kozi, achana na ukurasa wenye picha za uwanja uliojaa. Tafuta uhasibu, fedha, masoko, sheria ya mikataba na takwimu, kisha uangalie kama kozi za michezo zimejengwa juu ya hizo. Kozi ya fedha za michezo ambayo haikudai uwe umepita uhasibu kwanza, aghalabu itakuwa ya masimulizi. Angalia pia ithibati. Shule za biashara hupimwa na AACSB, chombo kilichoanzishwa 1916. Ulaya utakutana pia na EQUIS na AMBA. Kuna COSMA, inayotoa ithibati kwa programu za usimamizi wa michezo zenyewe. Programu iliyo ndani ya shule yenye AACSB inaweza isiwe na COSMA, na hilo peke yake lisikutishe.

Cha pili, ambacho mimi nakipa uzito kuliko vyote, ni fildi na soko linalozunguka chuo. Michezo ni biashara inayofunzwa kwa kuifanya. Mtu hajui kuuza tiketi 400 za mechi ya Jumatano usiku yenye mvua mpaka apewe simu, orodha ya namba na lengo la wiki. Kwa hiyo kabla hujalipa ada ya maombi, andikia ofisi ya programu barua pepe fupi ya maswali manne: wanafunzi wa miaka mitatu iliyopita walikwenda fildi kwenye taasisi zipi, kwa wiki ngapi, walilipwa au hawakulipwa, na wangapi kati yao walikuwa wanafunzi wa kigeni. Swali la nne ndilo lenye uzito kwako. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi ya Marekani, F-1, fildi nje ya chuo lazima iwe sehemu ya mtaala ndipo upate kibali cha kuifanya, na kwa kawaida unatakiwa uwe umemaliza mwaka mmoja wa masomo. Chuo kinachojibu kwa majina na idadi kinafuatilia watu wake. Kinachokutumia kipeperushi chenye rangi nyingi nacho kimekujibu.

Cha tatu ni mtandao wa wahitimu. Hili unaweza kulipima mwenyewe jioni moja. Ingia LinkedIn, fungua ukurasa wa chuo, nenda kwenye orodha ya wahitimu, andika Nairobi, kisha Dar es Salaam, Kampala, Kigali, Johannesburg, Doha. Ukikuta hata watu watatu, waandikie kwa adabu uwaulize nani aliwapa kazi ya kwanza. Usiwaombe kazi. Hadithi ya kazi ya kwanza inafunua mengi kuhusu chuo kuliko ukurasa wowote wa matangazo.

Cha nne ni gharama, viza na thamani ya cheti ukirudi. Kwa Marekani kuna ada ya SEVIS, mfumo wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, ya dola 350 na ada ya viza ya dola 185 kabla hata hujapanda ndege, na fomu ya I-20 unayopewa na chuo itakuonyesha gharama ya mwaka mzima ambayo lazima uthibitishe unaiweza. Baada ya kuhitimu unaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi kwenye fani yako, mpango unaoitwa OPT. Miezi 24 ya nyongeza hupewa waliosoma fani zilizo kwenye orodha ya sayansi na teknolojia, na usimamizi wa michezo, ambao namba yake ya fani ni 31.0504, haumo. Baadhi ya MBA zenye uchambuzi wa takwimu zimo. Kwa hiyo uliza namba ya fani itakayoandikwa kwenye I-20 yako. Namba hiyo moja inaweza kuwa tofauti ya miaka miwili ya kazi.

Kuna jambo lingine zito kuhusu Marekani. Tangazo la rais la Juni 2025 liliweka vizuizi vya viza kwa raia wa Burundi, za wanafunzi zikiwemo, na la Desemba 2025 likaiongeza Tanzania kwenye orodha ya vizuizi vya aina hiyo kuanzia 1 Januari 2026. Masharti haya hubadilika, na yana misamaha yake. Mtanzania au Mrundi aangalie tovuti ya ubalozi kabla ya kutuma hata shilingi moja chuoni. Mkenya na Mganda nao waangalie, ili wajue siku wanayoomba mambo yamekaaje.

Uingereza ina hesabu yake. Kuna ada ya huduma za afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, inayolipwa pamoja na maombi ya viza. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula. Tangu Januari 2024, anayesoma uzamili wa darasani hawezi kwenda na mwenzi wala watoto kama wategemezi wake. Baada ya masomo kuna viza ya wahitimu ya miaka miwili, ambayo kwa watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027 itashuka hadi miezi 18.

Ukirudi, cheti cha nje kitahitaji kutambuliwa kama unataka ajira ya serikali au kuendelea na masomo. Kwa Tanzania kazi hiyo ni ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Ni vizuri kuuliza kabla ya kuondoka, hasa kwa shahada zinazosomwa mtandaoni.

Ohio University, mji wa Athens

Hapa ndipo fani ilipozaliwa. Programu ya uendeshaji wa michezo ilianza 1966, ikiwa ya kwanza ya aina yake, na wazo lake lilitokana na mazungumzo ya Profesa James Mason na Walter O'Malley, mmiliki wa timu ya besiboli ya Dodgers, aliyekuwa akitafuta watu waliofundishwa kuendesha klabu kama biashara. Leo programu iko ndani ya Chuo cha Biashara. Wanaokwenda uzamili wengi huvutiwa na mpango wa shahada mbili: MBA pamoja na uzamili wa uendeshaji wa michezo, kwa miaka miwili. Kwetu hilo lina faida kubwa. Milango ya michezo ikichelewa kufunguka, MBA inakupeleka benki au kampuni ya simu. Ipo pia shahada ya kwanza, na uzamili wa walioko kazini unaosomwa kwa sehemu kubwa mtandaoni.

Soko la karibu ndilo udhaifu wake. Athens ni mji mdogo kusini mashariki mwa jimbo, na Columbus, jiji kubwa la karibu, liko takriban kilomita 120. Chuo kimejaribu kuziba pengo hilo kwa kuwapa wanafunzi kazi halisi palepale. Kwa miaka mingi wanafunzi wa programu waliendesha timu ya besiboli ya kiangazi iliyoitwa Southern Ohio Copperheads: wao ndio waliouza matangazo ya ukutani kwa maduka ya mjini, waliopanga mauzo ya vyakula, na waliofanya hesabu baada ya mechi. Nampenda mwalimu anayefundisha hivyo. Uliza wanafunzi wa sasa wanaendesha nini.

Mtandao ndio nguvu ya Ohio. Karibu miaka 60 ya wahitimu imewasambaza kwenye timu, ligi na idara za michezo za vyuo kote Marekani, na wana sifa ya kushikana mkono. Programu imewahi kuongoza mara kadhaa orodha ya uzamili ya jarida la SportBusiness. Ila mtandao huo umejaa besiboli, futiboli ya Kimarekani na michezo ya vyuo. Mtu anayelenga CAF au FIFA atapata wachache wa kumshika mkono.

Kwa gharama, maisha ya mji mdogo ni nafuu, na kwa ngazi ya uzamili unapaswa kuuliza nafasi za usaidizi wa kitaaluma, ambapo unafanya kazi ya chuo na kupunguziwa ada. Inamfaa mwenye shahada ya kwanza ya fani nyingine, anayetaka MBA ya kweli mkononi na asiyeogopa mji mtulivu.

Isenberg, University of Massachusetts, Amherst

Kama unamaliza kidato cha sita au KCSE na unataka shahada ya kwanza, anza kutazama hapa. Programu ya UMass ilianza 1971, na idara yake inabeba jina la Mark McCormack, wakili aliyeanzisha IMG baada ya kukubaliana na mcheza gofu Arnold Palmer mwaka 1960 amsimamie biashara zake. Biashara ya kuwawakilisha wanamichezo kama tunavyoijua leo ilikulia mikononi mwake. Nyaraka zake zimehifadhiwa kwenye maktaba ya chuo, na kwa kijana anayetaka kuwa wakala, kukaa mita chache kutoka kwenye kumbukumbu hizo ni bahati. Idara iko ndani ya Isenberg School of Management, kwa hiyo mwanafunzi anapita masomo ya msingi ya biashara sawa na wenzake wa uhasibu au masoko, kisha anaingia kwenye sheria, fedha na masoko ya michezo. Kwa ngazi ya juu kuna uzamili wa michezo peke yake au ukiunganishwa na MBA.

Amherst nao si jiji. Boston iko kama kilomita 145 mashariki, na huko ndiko kuliko na timu za Red Sox, Celtics na Bruins, na makao ya kampuni ya viatu ya New Balance. Lakini eneo lenyewe lina historia isiyopatikana kwingine: mpira wa kikapu ulibuniwa Springfield mwaka 1891, na wavu ulibuniwa Holyoke mwaka 1895, miji iliyo karibu na chuo. Jumba la kumbukumbu la kikapu liko Springfield hadi leo. Mwenye ndoto za Basketball Africa League, iliyoanza Kigali 2021, atajisikia yuko chimbuko.

Wahitimu wake wameshika nafasi za juu. Ben Cherington, aliyepata uzamili wa michezo UMass, ndiye aliyekuwa meneja mkuu wa Boston Red Sox ilipotwaa ubingwa wa besiboli 2013. Kama ilivyo kwa Ohio, wengi wako Marekani.

Gharama ndiyo inayouma. Miaka minne ya shahada ya kwanza kwa mwanafunzi wa kigeni kwenye chuo cha umma cha Marekani ni mzigo ambao familia nyingi zetu haziwezi kuubeba bila ufadhili, na ufadhili kamili wa shahada ya kwanza ni adimu. Njia inayojulikana kwetu ni ya wanariadha: Wakenya wengi wamesomeshwa Marekani kwa miguu yao. Kama una muda mzuri wa kukimbia, ulizia kocha kwanza kabla ya ofisi ya udahili. Inamfaa kijana mwenye ufadhili au familia yenye uwezo, anayetaka kuanza fani hii akiwa na miaka 18 au 19.

Lundquist, University of Oregon, Eugene

Mkenya yeyote anayefuatilia riadha analijua jina la Eugene. Tarehe 5 Julai 2025, kwenye uwanja wa Hayward Field ulio ndani ya chuo hiki, Faith Kipyegon alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3:48.68, na siku hiyohiyo Beatrice Chebet akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14. Miaka mitatu kabla ya hapo uwanja huo ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya 2022, ya kwanza kufanyika Marekani.

Kituo cha Warsaw, kilichoko ndani ya Lundquist College of Business, kilianzishwa 1993, kikiwa cha kwanza kuiweka biashara ya michezo ndani ya chuo cha biashara. Mkazo wake ni masoko, udhamini na bidhaa. Chuo kina pia uzamili wa usimamizi wa bidhaa za michezo unaofundishwa Portland, ambao unakifuata kiatu tangu mchoro, gharama za kiwandani, hadi bei ya dukani. Kama lengo lako ni kampuni ya vifaa, sijui chuo kingine kinachokaribia hapo.

Sababu ni soko lake. Nike ilianzishwa 1964 kama Blue Ribbon Sports na Phil Knight, aliyesoma biashara na kukimbia Oregon, pamoja na kocha wake wa chuo hichohicho, Bill Bowerman. Makao yake makuu yako Beaverton, pembeni mwa Portland. Adidas imeweka makao yake ya Amerika Kaskazini Portland. Portland iko kama kilomita 175 kutoka Eugene. Fildi za huko ndizo zinazowavuta wanafunzi, na ushindani wake ni mkali.

Mtandao wake umelalia kampuni za vifaa, wakala wa masoko na mashindano ya riadha. Nionavyo mimi, hapa ndipo Afrika Mashariki inapoachia fedha nyingi. Wanariadha wa Iten na Eldoret wanavaa viatu vya kampuni hizi, mikataba yao inaandikwa na kampuni hizi, lakini upande wetu wa meza mara nyingi hauna mtu aliyewahi kukaa upande wa pili. Mhitimu mmoja aliyefanya kazi kwenye idara ya udhamini wa wanariadha, akarudi Eldoret kuwashauri, angebadilisha maisha ya kambi nzima.

Gharama zinafanana na za UMass kwa shahada ya kwanza, na viza ni ileile, kwa hiyo swali la namba ya fani kwenye I-20 uliulize hapa hasa. Hakikisha pia kwamba mkondo wa michezo unaoutaka, wa MBA au wa bidhaa, unapokea wanafunzi mwaka unaoomba. Inamfaa mtu wa riadha, wa masoko au wa ubunifu wa bidhaa. Anayetaka kuendesha klabu ya soka atapata kidogo.

University of Liverpool Management School

Football Industries MBA ya Liverpool ilianza 1997, ikitokana na kundi la watafiti wa soka lililoongozwa na Rogan Taylor. Ni MBA ya mwaka mmoja, ndani ya shule yenye ithibati zote tatu za AACSB, AMBA na EQUIS. Masomo ya fedha, mikakati na uongozi yamechanganywa na masomo ya soka lenyewe: utawala wa klabu, matangazo, sheria, uendeshaji wa siku ya mechi. Ukiwa unatoka nchi ambazo michezo kwa mtu wa kawaida maana yake ni Simba na Yanga, au Gor na Ingwe (AFC Leopards), huhitaji kutafsiri chochote. Masuala ya mashabiki kumiliki hisa, ya mwekezaji mmoja na wanachama wengi, ambayo Simba imeyapitia kwenye mabadiliko ya umiliki na asilimia 49 ya mwekezaji wake, ndiyo mijadala ya kila siku huko.

Soko liko nje ya mlango. Anfield iko mjini, Everton wamehamia uwanja mpya kwenye bandari ya Bramley-Moore mwaka 2025, na Manchester yenye United na City iko umbali wa chini ya saa moja kwa treni. Tatizo ni muda. Mwaka mmoja hauna nafasi ya kujifunza taratibu. Unafika Septemba, na Krismasi ikifika wenzako wameshaomba fildi. Na klabu za England hazina uhaba wa vijana wanaojitolea.

Mtandao wake ni wa kimataifa kuliko wa vyuo vya Marekani kwa sababu darasa lenyewe hujaa watu wa mataifa mbalimbali, na soka ni lugha ya CAF, FIFA na ligi za Ghuba. Kwa mtu anayetaka kufanya kazi Doha au Riyadh, hili lina uzito.

Kwa gharama, mwaka mmoja wa kuishi ni nusu ya miwili. Ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza, uko wazi kwa Watanzania, Wakenya, Waganda, Wanyarwanda na wengine, lakini soma masharti: unatakiwa uwe na saa 2,800 za kazi, MBA ina kikomo cha ada cha pauni 22,000, na ukimaliza lazima urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Kwa hiyo mwenye Chevening asipange maisha yake juu ya ile viza ya wahitimu. Inamfaa mtu wa soka mwenye miaka kadhaa ya kazi, anayejua tayari anataka kurudi kufanya nini. Kijana aliyetoka tu shahada ya kwanza asubiri kwanza.

Kubaki nyumbani

Njia hii hudharauliwa bila sababu. Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, MUBS (shule ya biashara ya Makerere) ya Nakawa, Kampala, na Strathmore ya Nairobi zinafundisha uhasibu, fedha na masoko kwa kiwango kinachokubalika kwa waajiri wote wa hapa. Upungufu wake uko wazi: utasoma biashara, na michezo utaitafuta mwenyewe. Anayetaka shahada yenye jina la michezo anaweza kutazama Chuo Kikuu cha Kenyatta, chenye idara ya burudani na usimamizi wa michezo, ingawa hiyo haiko kwenye shule ya biashara.

Soko kwa sasa liko upande wako. Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mechi zikichezwa Benjamin Mkapa, Amaan, Nyayo, Kasarani na Namboole. AFCON 2027 ni ya nchi hizohizo tatu, na viwanja vya Arusha, Talanta na Hoima vilianza kujengwa kwa ajili yake. Mashindano yakiisha, viwanja hivyo vitataka watu wa kuvijaza na kuvilipia umeme. Nazo kanuni za leseni za klabu za CAF zinadai klabu iwe na watu wa fedha, sheria na utawala, si kocha na mwenyekiti peke yao. Mwanafunzi wa biashara anayejitolea kwa klabu ya Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, akawapangia vitabu vya hesabu vinavyokaguliwa, anajenga jina kwenye mji ambao atafanya kazi.

Mtandao utaujenga kwa miguu: ofisi za chama cha soka cha mkoa, vyombo vya habari, wadhamini. Gharama ni sehemu ndogo ya njia nyingine nne, viza hakuna. Inamfaa asiye na ufadhili, mwenye familia, au aliyeko kazini tayari kwenye michezo. Haimfai sana anayetaka kufanya kazi nje, kwa sababu waajiri wa huko watamwona kwanza kama mtu wa biashara tu.

Kwa hali yako

Umemaliza sekondari, huna ufadhili: soma biashara nyumbani, ingia kwenye klabu au chama cha mchezo kuanzia mwaka wa kwanza, kisha fikiria uzamili wa nje baadaye. Mkopo wa familia kwa miaka minne ya Marekani, kwa soko la kazi lililopo, siupendekezi.

Umemaliza sekondari na una ufadhili au kasi ya kukimbia: linganisha UMass na Oregon kwa kazi unayoitaka. Uwakala, ligi na kikapu vinaelekea Amherst. Riadha, vifaa na udhamini vinaelekea Eugene.

Una shahada ya fani nyingine, na hujui kama michezo itakulipa: shahada mbili za Ohio zinakupa mlango wa pili. Pima tu kama unaweza kuishi miaka miwili kwenye mji mdogo ambao mchezo wake mkubwa si wako.

Uko klabuni au kwenye shirikisho, una uzoefu, na moyo wako uko kwenye soka: tazama Liverpool, na uanze kuandika maombi ya Chevening yanapofunguliwa, kwa kawaida Agosti. Kama mwajiri hawezi kukuruhusu uondoke, MBA ya jioni ya mjini kwako ukiwa bado kazini ina faida ambayo Liverpool haiwezi kukupa: unatumia Jumanne ulichosoma Jumatatu.

Wewe ni Mtanzania au Mrundi na umekubaliwa Marekani: kabla ya kulipa amana yoyote, uliza chuo kwa maandishi kama nafasi yako inaweza kusogezwa mwaka mmoja endapo viza itakwama, na kama amana hiyo inarudishwa.

Na kama una barua mbili mkononi na huwezi kuamua, omba kila chuo kikuunganishe na mwanafunzi mmoja wa kigeni aliyeko mwaka wa pili na mhitimu mmoja aliyerudi kwao. Waulize wote maswali yaleyale: fildi waliipataje, nani aliwasaidia, na mwezi wa kwanza baada ya kuhitimu waliishije.